Mume wa Ghorofa ya Sita

Ghorofa ya Sita, mlango wa kushoto,
Juu ya duka la vioo.
Jumatano, jioni.

Baba, tumepata nyumba! Nyumba ya ghorofa, choo ndani, jiko ndani, na mume wa nyumba hii ni wewe, na mwenye nyumba anakutaka uje, na usipokuja tunatolewa nje!

Haya, nimelitoa. Lilikuwa limenikaa kooni siku zote hizi. Sasa naanza upya kama mtu aliyelelewa.

Baba yangu mpendwa, shikamoo. Na shikamoo nyingine ni ya mkeo, amenituma niiandike kabla hajaenda kazini. U hali gani? Goti la kulia linasemaje? Unalala? Nasikia redio yako imeharibika tena. Usiifungue na kisu kama ile ya kwanza. Sisi huku miili ni mizima. Moyo wangu tu ndio unaorukaruka kama kifuniko cha sufuria.

Na wewe, wifi yangu unayemsomea, najua umeshacheka. Cheka, lakini usiruke mstari hata mmoja, na usisome mbiombio kama unavyokula. Ningepiga simu, lakini simu yangu mnaijua, haisikiki mpaka niiweke sauti ya nje, na kuta za nyumba hii zina masikio. Ndiyo maana naandika. Na msinipigie, nawaomba. Mtaelewa mbele.

Kwanza habari za mkeo, Baba, maana ndizo unazozisubiri. Yule mtoto ni kiboko. Pale kazini kwao mafundi wa lifti ni wengi, mwanamke ni yeye peke yake, na lifti ikigoma kwenye yale majengo marefu ya mabenki na mahoteli, wanasema, "Mwiteni Dada Lifti." Anafika na begi lake la vyuma, anaingia kwenye lile shimo, anasimama juu ya paa la lifti yenyewe. Akimaliza, wakubwa wenye tai wanapanda zao juu bila kumwambia hata asante. Mimi pale tunaposhona mapazia nawaambia wenzangu: katika mji huu, ukiona mtu amepanda juu, ujue mwanangu kampandisha. Wanasema najisifu sana. Ndiyo, najisifu. Nisipojisifu kwa wangu nikajisifu kwa wa nani?

Sasa sikia ajabu yake. Huyo huyo anayewapandisha watu mpaka ghorofa ya kumi na nane alikuwa hana pa kulala.

Kile chumba chetu cha zamani, tulichokigawa kwa pazia (pazia zuri, nililishona mwenyewe, majirani wote waliliulizia), mwenye chumba aliuza kiwanja. Aliyenunua hakuwa na maneno mengi. Alituma vijana wakaanza kuezua mabati. Walianzia bafuni, wakaja jikoni, wakaja kwa jirani yetu muuza mitumba, yeye yumo ndani anakunja nguo na jua linampiga utosini. Kila nilipotoka kazini, kabla sijaangalia mlango, naangalia juu. Baba, sijawahi kuogopa mbingu, lakini siku zile niliogopa kuiona kutoka kitandani kwangu.

Tukazunguka kutafuta. Dalali wetu tulimpa jina la Kesho-Asubuhi, maana kila nyumba nzuri ni kesho asubuhi, na kila kesho asubuhi anataka ada yake ya kuonyesha kabla hujaona hata kitasa. Chumba kimoja kilikuwa na nguzo katikati. Ukiweka kitanda, mmoja analala upande huu na mwenzake upande ule kama watu waliogombana. Kingine kilikuwa na dirisha pana, nikafurahi, nikalifungua, nikaugusa ukuta wa jirani kwa kiganja. Mahali pengine tulikuta watu wamejaa ngazini, tunaingizwa watatu watatu kama kwa daktari, na kila anayetoka anakikandia chumba ili wa nyuma yake wakate tamaa. Mimi nikaingia nikakipenda. Nikatoka nimekunja uso, nikasema kwa sauti, "Mh! Kunguni." Kumbe aliyesimama nyuma yangu ndiye mwenye nyumba.

Na pale ambapo kodi ina nafuu, swali ni moja: "Mume yuko wapi?" Msichana wa peke yake hawamtaki. Ataleta wageni, ataleta muziki, ataondoka bila kuaga. Mkeo akisema yeye ni fundi, wanamtazama mikono, halafu wanatazamana. Nikisema mimi mama yake nipo, wananiambia, "Mama, wewe ni mgeni tu, kesho kutwa umerudi kwenu." Siku moja mkeo alikaa kwenye ukingo wa barabara, mbele ya jengo ambalo lifti zake zote kazitengeneza yeye, akavua kofia ya kazi akaifuta, akaifuta, mpaka nikamwambia imetakata inatosha. Hakulia. Afadhali angelia.

Ndipo Kesho-Asubuhi akatuleta kwa huyu mama. Mjane kama mimi, anakaa ghorofa ya kwanza, miwani anaining'iniza kifuani kwa kamba, na kandambili zake zinalia pwata-pwata mpaka unazisikia ghorofa nne juu. Lifti ya nyumba yake ilikufa zamani, na kwa sababu ya zile ngazi, kodi ya huku juu kabisa imeshuka hadi watu kama sisi wanaifikia. Mkeo alipouona mlango wa lifti alisimama hapohapo, akaweka sikio lake, kama daktari aliyekutana na mgonjwa njiani. Tukamwacha. Tukapanda, mimi na mama mwenye nyumba.

Tulipofika juu, mimi sina pumzi, akaniuliza lile lile. "Huyu binti ana mume?"

Na simu yangu ikalia. Ulikuwa wewe, Baba. Nikaiweka sauti ya nje, na wewe, bila hata salamu, ukanguruma: "Mke wangu hajambo? Au keshapata kijana huko mjini, mimi nijiondokee zangu?"

Sasa mimi nifanyeje? Umemwita mkeo tangu siku ile ulipompakata macho yake bado yamefumba, ukatangaza pale kitandani, "Huyu nimeshamposa, asije mtu." Nimelisikia hilo maisha yake yote. Nikacheka kwa mazoea, nikakujibu, "Hajambo, Baba, kijana gani atamweza huyo?" Ukasema, "Mwambie mumewe yupo, goti likipoa namfuata." Simu ikakatika.

Mama mwenye nyumba alikuwa amevaa miwani kabisa. "Huyo ndiye mumewe?"

"Ndiye huyo," nikasema, bado nafuta machozi ya kicheko. "Hawaachani hao."

"Sauti nzito. Ni mtu mzima?"

"Mtu mzima sana."

"Anakunywa?"

"Hata soda haigusi."

"Ndio waume hao," akasema. "Vijana ni makelele tupu. Na naona unamheshimu mkweo, unamwita baba." Akatoa funguo mfukoni mwa gauni akaziweka mkononi mwangu. "Hamieni. Mwisho wa mwezi aje nimwone kwa macho yangu, ndipo tuandikishane. Asipokuja, funguo zangu zirudi."

Hapo ndipo akili ilinirudia. Alikuwa ameuliza la mume, nami nikajibu la babu. Nilifungua mdomo niseme, "Mama, hatukuelewana, yule ni baba yangu mimi." Nikaziona zile funguo kwenye kiganja changu. Nikayakumbuka mabati. Nikaufunga mdomo.

Mkeo alipopanda kukiona chumba, nilimwambia tukiwa tunashuka ngazini. Alishuka ghorofa mbili nzima. Kisha akasema, "Mama, mimi sisemi uongo kwa ajili ya dari."

"Nani kasema uongo?" nikamwambia. "Taja neno moja la uongo nililolitoa."

Akafikiri. Hakulipata. "Basi," akasema, "na mimi nitasema yaliyo kweli tu."

Na ndivyo anavyofanya, Baba, na ndivyo anavyonitoa jasho. Mama mwenye nyumba akimuuliza, "Mumeo hajambo?" anajibu, "Goti linamsumbua." "Anakupenda?" "Kuliko watu wote." "Mna muda gani pamoja?" "Mwanzo wake siukumbuki." Yule mama anashika kifua, anasema mapenzi ya namna hiyo yeye aliyasikia kwenye redio tu. Ameshawahadithia wapangaji wote. Mwalimu wa ghorofa ya tatu kaniuliza ulimtolea mahari gani. Nikasema, "Muulize akija."

Nacheka hapa ninapoandika, lakini usidanganywe na kicheko changu. Naogopa. Zile kandambili zikianza ngazini, pwata-pwata, mimi nazifuata kwa masikio, ghorofa ya pili, ya tatu, na zikipita ya nne nazima jiko na kusimama katikati ya chumba kama niliyeingia kuiba. Ile picha yenu, wewe umempakata ana meno mawili, niliitundika siku ya kwanza, nikaitungua saa hiyo hiyo. Msumari umebaki peke yake ukutani unanitazama. Mapazia nimeyashona, ya kijani, mazuri hayajaonekana mtaa huu, lakini sijayatundika. Sufuria zimo kwenye boksi mpaka leo. Tunatoa moja, tunapika, tunaiosha, tunairudisha. Nikizipanga kabatini nitakuwa nimesema hapa ni kwetu, na ulimi wangu hauthubutu.

Kisha wiki hii akaja karani wa benki na mkewe. Mama mwenye nyumba kawaleta mpaka ndani, "waone tu." Wamependeza, wananukia, pete vidoleni. Yule mke akatoa futi ya mkanda kwenye mkoba wake akapima dirisha letu. Baba, mimi nikiwepo! Nikamwona anapima vibaya, hakuacha nafasi ya kukunja, nikanyamaza kimya, na unajua mimi kunyamaza si kazi yangu. Walipokuwa wanashuka nikasikia mama anawaambia, "Yule bwana asipotokea siku niliyowapa, njooni na vitu vyenu." Nikakaa juu ya boksi la sufuria.

Tukitoka hapa, hakuna pa kurudi. Kile chumba chetu sasa ni shimo, nilipita nikaona. Pazia langu liko kwenye kifusi, limeshika tope.

Kesho-Asubuhi nilipomweleza, hakuona shida yoyote. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, hata mume ninaye wa kupangisha. Ana suti yake. Siku moja tu, anatia saini, anaondoka."

Nikamuuliza, "Na ada ya kumwona ni kabla?"

"Kama kawaida," akasema, hana hata haya.

Nilidhani mkeo atacheka. Hakucheka. Akasema, "Mimi mume ninaye mmoja. Simbadilishi kwa mtu wa suti ya kuazima."

Na bado kuna hili linalonimaliza zaidi. Ameomba ruhusa aitengeneze lifti ya hapa. Vifaa vya zamani vilivyotolewa kwenye majengo ya watu, mkubwa wake kamruhusu avichukue, na siku zake za mapumziko zote anashinda ndani ya lile shimo. Mama mwenye nyumba anafurahi, anampelekea chai. Mimi nasimama ngazini nimeushika ukuta, kana kwamba mimi ndiye niliyeushikilia ule waya wa lifti. Jumapili ilipanda mpaka kati ya ghorofa ya nne na ya tano, ikatoa mlio kama mlango wa bati, ikagoma. Yeye yuko juu yake, gizani. Nikaita, "Mwanangu!" Kimya. Nikaita tena. Akajibu, "Nipo, Mama. Tulia, nafikiri." Nafikiri! Mtu ananing'inia anafikiri!

Alipotoka, uso wote grisi, nikamshika mabega nikamwambia aache, ngazi zipo, tumezizoea. Akaniambia, "Zipo kwa ajili yetu. Kwa goti la mume wangu hazipo."

Ndipo nikajua yeye alishaamua tangu mwanzo kwamba utakuja. Mimi ndiye nilikuwa bado natafuta njia ya pembeni.

Kwa hiyo nakuomba, Baba, njoo. Sikuiti uje kudanganya. Nimejaribu kulimaliza mwenyewe, Mungu anajua. Nimeshuka kwa yule mama zaidi ya mara moja, maneno nimeyapanga vizuri, mlango ukifunguliwa najikuta naomba chumvi. Ninayo chumvi sasa ya kufungulia duka. Na hata nikisema, maneno yangu yatakuwa ya mtu aliyekamatwa. Lakini wewe ukisimama mbele yake na kofia yako na fimbo yako, mkeo akakujia mbio kama anavyokujiaga, nawe ukamwita lile lile jina ulilomwita tangu mwanzo, ataona kwamba hapakuwa na mchezo. Utamweleza wewe. Sauti yako kwanza ameshaipenda. Akicheka, tumepona, nayatundika mapazia siku hiyo hiyo. Akikasirika, basi angalau mtakuwepo wote wa kutusaidia kubeba maboksi.

Njooni wote, ndiyo. Nataka aone watu tulikotoka. Kaka aje na lile gari lake la mizigo, na asilipakie kitu, liwe tupu. Sisemi zaidi. Wewe wifi vaa lile gauni nililokushonea, siyo lile jingine, nakujua. Na mkifika mlangoni usianze kucheka kabla ya wakati, maana wewe ukianza hatutapona.

Baba, ukiingia usishangae nikiwa sisemi. Itakuwa ni hofu tu.

Nisalimie shangazi wa dukani, mwambie kitambaa chake nimekipata. Nisalimie mama mdogo, ajitahidi kumeza dawa zake. Kaka mwambie namsalimu na matairi yake ayaangalie. Wale mapacha wa wifi wabusu, mmoja kila shavu wasigombane. Mungu akulainishie goti, akunyooshee njia, akufikishe kwetu kabla ya miguu ya karani wa benki.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda leo kama jana, na ambaye kwa hesabu za nyumba hii nimekuwa mama mkwe wako,

Mama wa Mkeo.

Nyongeza. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha nimpe dereva wa basi, nimeifungua tena. Lifti imepanda. Kwanza aliipandisha tupu, kisha na mifuko ya mchanga, ikapanda ikashuka, ikapanda ikashuka, mpaka sasa hivi imefika hapa ghorofa ya sita, mlango ukafunguka mbele ya mlango wetu, taa inawaka ndani, hakuna mtu. Nikasogea nyuma kama niliyeona mgeni. Mama mwenye nyumba alikuja mbio akitaka kuwa wa kwanza kuipanda. Mkeo akaweka mkono mlangoni. "Samahani, Mama. Wa kwanza ni mume wangu." Basi yule mama akapiga makofi, akashuka ngazi zote hizo anawagongea wapangaji mmoja mmoja waje kukulaki. Wote, Baba. Watajipanga pale chini, na karani wa benki na mkewe nao wamealikwa.

Usiniulize kama nina uhakika, sina. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kabla ya adhuhuri. Jumamosi, Baba. Njooni wote.